Baraza la Nyumbani: Kwa Nini Mtu Huiendea Hatari Pasipo Kutumwa?

Juma hili tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja akaaye katika nyumba za kambini. Jina lake tumelihifadhi, kama ilivyo desturi ya baraza hili. Kijana wake ni askari. Alipelekwa Somalia pamoja na wenzake katika kazi ya kulinda amani, akautimiza muda wake, akarudi mzima. Mama alimshukuru Mungu, akachinja kuku, akawaita majirani. Haukupita mwezi wa pili, kijana akatangaza kwamba likizo yake ijayo, pamoja na sehemu ya fedha alizoziweka akiba, atazitumia kwenda Kasese, aupande Mlima Rwenzori hadi kilele cha Margherita.

"Amerudi kutoka kwenye risasi," aandika mama huyo, "na sasa ataka kwenda kufa kwa baridi mahali ambapo hakuna aliyemtuma. Fedha hizo zingetosha kununua mabati ya nyumba tuliyoianza. Nimemwuliza anakwenda kutafuta nini huko juu, naye hana jibu. Je, mwanangu ameharibika akili, au ni mimi nisiyeelewa?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi hatutathubutu kumwambia mama huyu kwamba hofu yake ni ya bure. Lakini swali lake ni kubwa kuliko nyumba yake, na twaamini kwamba huulizwa katika nyumba nyingi za askari, ijapokuwa si kila mara mlima ndio chanzo chake. Askari akienda vitani twajua sababu: ametumwa, ameapa, na nchi yamtegemea. Polisi akiingia usiku penye mwizi mwenye silaha, twajua sababu. Lakini mtu asiyetumwa na yeyote, asiyelipwa hata senti moja, bali yeye ndiye alipaye, huiendea hatari kwa ajili gani?

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Walisema kweli, na mama zetu wa kambini waijua kweli hiyo kuliko mtu mwingine. Hata hivyo, methali hiyo yatuonyesha mwisho wa jambo, wala haituonyeshi mwanzo wake. Ili tuupate mwanzo huo, tuwatazame kwanza watu watatu ambao walifanya jambo la ajabu katika nchi jirani ya Kenya, wakati wa Vita Kuu ya Pili.

WAFUNGWA WATATU WA NANYUKI

Katika mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, ambamo walikuwamo askari wengi wa Afrika ya Mashariki wa King's African Rifles, yaliwashinda Wataliani huko Ethiopia. Maelfu ya Wataliani walichukuliwa mateka, wakaletwa katika kambi za Kenya. Mmoja wao alikuwa Felice Benuzzi, ambaye alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni ya Italia, na tangu ujana wake alizoea kupanda milima ya Ulaya. Huyu aliwekwa katika kambi ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya.

Msomaji aliyewahi kukaa mahali pa kungoja tu atayafahamu maisha ya kambi ile pasipo kuelezwa sana. Kilichokosekana zaidi ya vyote kilikuwa ni kesho. Siku ilifanana na siku. Mfungwa wa kawaida aliyehukumiwa miaka mitano huhesabu miaka yake, hata ikamalizika. Mfungwa wa vita hana cha kuhesabu, kwa maana hakuna ajuaye vita vitakwisha lini. Ndipo siku moja mawingu yalipofunguka, na Benuzzi akauona mlima kwa mara ya kwanza, umesimama juu ya seng'enge za kambi pamoja na barafu yake. Tangu saa ile alikuwa na jambo la kufikiri.

Kutoroka hadi kwao hakukuwezekana. Nchi ya karibu isiyoingia vitani ilikuwa Msumbiji, iliyotawaliwa na Wareno, na njia ya kwenda huko ilikuwa ndefu mno. Basi Benuzzi akaazimia jambo ambalo mtu yeyote angeliita wazimu: atatoroka kambini, ataupanda mlima, kisha atarudi kambini kwa miguu yake mwenyewe.

Aliwapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima. Kwa miezi mingi walijitayarisha kwa siri. Nyundo walizigeuza zikawa sururu ndogo za kukatia barafu. Vyuma vilivyotupwa walivikata na kuvipinda, vikawa meno ya kufungwa chini ya viatu ili mtu asiteleze. Kamba walizipata katika katani ya vitanda vya kambini. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapwa juu ya karatasi ya mkebe wa nyama, pamoja na yale waliyoweza kuyaona kwa macho yao kutoka kambini.

Tarehe 24 Januari, 1943, walitoka. Walipita katika msitu wa tembo, nyati na chui, bila bunduki wala kiongozi. Walipofika juu, Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki hemani. Benuzzi na Balletto walijaribu kukipanda Batian, kilele kirefu kupita vyote vya mlima ule, chenye mita 5,199. Mwamba ulikuwa mgumu, theluji ikaanguka, na miili yao ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa njaa. Hapo walifanya jambo ambalo twapenda kila kijana alisome mara mbili: waligeuka. Walishuka hadi hemani, wakapumzika, na tarehe 6 Februari wakapanda kilele kingine kilicho rahisi zaidi, kiitwacho Lenana, chenye mita 4,985, wakaisimamisha huko bendera ya nchi yao.

Kisha wakaanza safari ya kurudi, chakula kikiwa karibu kimekwisha. Tarehe 10 Februari walijirudisha kambini wenyewe. Mkuu wa kambi, Mwingereza, aliwahukumu kufungiwa peke yao kwa siku 28; lakini alizipunguza zikawa siku 7 tu, kwa kuuheshimu uanamichezo wao. Baada ya vita Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari ile, akaitumikia nchi yake katika ubalozi, akafariki mwaka 1988 akiwa mzee.

WALIKUWA WAKITAFUTA NINI?

Hawakutafuta kifo, kwani mtu atafutaye kifo hakusanyi chakula kwa miezi. Hawakutafuta fedha, kwani hapakuwa na mtu wa kuwalipa. Wala hata uhuru, kwa maana yake ya kawaida, hawakuutafuta. Wangewezaje kuutafuta uhuru watu waliorudi wenyewe gerezani?

Kwa maoni yetu walitafuta siku chache ambazo wao wenyewe walikuwa na amri juu yake. Kambini waliamriwa saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kuhesabiwa na saa ya kulala. Mlimani wakikosea, kosa ni lao. Wakifaulu, kufaulu ni kwao. Walipokwisha kuzipata siku hizo, waliweza kurudi na kukaa tena nyuma ya seng'enge, kwa maana walijua sasa kwamba bado ni watu wenye nia na nguvu yao wenyewe.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelichunguza jambo hili. Watu wengi hudhani kwamba apendaye hatari hupenda msisimko tu. Ni kweli kwamba mwili ukiona hatari hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, macho hufunguka, na wapo watu wanaokipenda kitu hicho kama wengine wapendavyo pombe. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bangor, huko Wales, walitoa uchunguzi uliowalinganisha watu warukao kwa parachuti kwa mchezo na watu wapandao milima. Warukaji walitafuta msisimko hasa. Wapanda milima hawakufanana nao. Na yeyote aliyeuona mlima mrefu hatashangaa, kwani msisimko wake ni mchache, na baridi, uchovu, matope na usingizi mbaya ni vingi. Hao walitafuta kuitawala hofu yao, na kujiona kuwa wao ndio waendeshao maisha yao wenyewe. Tena nguvu waliyoipata kule juu waliona kwamba yawafuata hata katika maisha ya kila siku.

Sasa, mama, mtazame kijana wako kwa jicho hili. Huko Somalia kila saa yake ilikuwa chini ya amri, na ndivyo ipasavyo jeshini. Hatari ilimjia pasipo yeye kuichagua. Bomu lililofukiwa barabarani halimwulizi mtu ana ujuzi gani. Kisha akarudi nyumbani. Akakuta nyumba imejifunza kuishi bila yeye. Fedha zimekwisha kupangiwa kazi, watoto humwuliza bibi yao kila jambo, na yeye aliyezoea kukesha na bunduki apewa kiti aketi kama mgeni. Si ajabu macho yake yakaenda mlimani. Hatari ya mlima aweza kuipima. Aweza kusema leo naenda, na leo nimefika mwisho, narudi.

Wako wengine wenye njaa hiyo hiyo ambao hawana mlima wa kuutazama. Hao huitafuta katika mwendo wa pikipiki usiku, katika chupa, katika ugomvi wa baa na katika kamari. Hiyo nayo ni milima, lakini haina kilele, na mtu hajui ameshafika wapi hata aanguke. Kama kijana amechagua jambo lenye mwanzo na mwisho, lenye matayarisho na viongozi, basi hajaharibika akili. Na kwamba hana jibu la kumpa mama yake, hilo si ajabu, kwa maana hata waliokuwa wasemaji hodari walishindwa kulijibu swali hilo.

SI KILA AENDAYE HURUDI

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mama huyu kwa hadithi yenye mwisho mwema peke yake. George Mallory wa Uingereza alikuwa mwalimu, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ofisa wa mizinga, akapigana Somme mwaka 1916. Alitoka salama, kama alivyotoka kijana wetu. Baadaye alikwenda mara tatu katika Mlima Everest, ulio mrefu kupita yote duniani: mwaka 1921, mwaka 1922 na mwaka 1924. Alipoulizwa huko Marekani mwaka 1923 kwa nini autaka mlima ule, alijibu kwa maneno machache tu kwamba ni kwa sababu upo. Jibu hilo limezunguka dunia nzima, na watu hulisifu kama hekima. Sisi twaliona kuwa ni jibu la mtu aliyechoka kuulizwa.

Tarehe 8 Juni, 1924, Mallory na kijana Andrew Irvine, mwenye umri wa miaka 22, walionekana kwa mbali wakipanda, kisha wingu likawafunika. Mkewe Mallory, Ruth, aliachwa na watoto watatu. Mwili wa mumewe haukuonekana hata tarehe 1 Mei, 1999, miaka karibu 75 baadaye, wakati Ruth mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki zamani. Twamtaja mwanamke huyo kwa makusudi. Katika hadithi za mashujaa jina la aliyepanda huandikwa kwa herufi kubwa, na jina la aliyebaki akingoja barua husahauliwa.

Katika safari ile ile alikuwamo mwanajeshi mwingine, Edward Norton, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi. Siku nne kabla ya Mallory kupotea, Norton alifika kiasi cha mita 8,570 pasipo kutumia hewa ya mitungi. Kilele kilikuwa hakijazidi mita 300 juu yake. Lakini macho yalianza kumwonyesha kitu kimoja kuwa viwili, na miguu haikujua tena pa kukanyaga. Akageuka. Usiku ule mwanga wa theluji uliompiga mchana ulimpofusha kabisa, akakaa gizani kwa muda kabla ya kupona. Aliishi hata mwaka 1954, na kwa hiyo alisikia kwa masikio yake habari ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kufika kileleni tarehe 29 Mei, 1953. Hakuna mtu aliyemwita mwoga. Kugeuka kwake ndiko kulikomrudisha kwake.

WANAOBEBA MIZIGO

Iko hatari nyingine ambayo watu hupenda kuinyamazia. Katika safari ya mwaka 1922, ambayo Mallory alikuwamo, theluji iliporomoka tarehe 7 Juni ikawaua wapagazi saba. Mallory alijilaumu sana kwa ajili yao. Na tarehe 18 Aprili, 2014, barafu iliporomoka katika mlima huo huo, ikawaua watu 16 wa Nepal waliokuwa kazini, wakiwatayarishia njia wageni waliolipa. Watu hao hawakwenda kuitawala hofu yao wala kujitafuta wenyewe. Walikwenda kutafuta karo za watoto wao na chakula cha nyumbani.

Rwenzori nayo ina historia yake. Mtu wa kwanza ajulikanaye kuwa alisimama juu ya kilele chake alikuwa mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, aliyepanda tarehe 18 Juni, 1906, akakiita kilele hicho Margherita kwa jina la malkia wa nchi yake. Mizigo yake ilibebwa na Waafrika, Bakonzo wakiwamo. Bakonzo wenyewe walikuwa wameishi chini ya theluji ile vizazi kwa vizazi, wakisimulia kwamba ndiko akaako Kitasamba, wala hawakuona haja ya kwenda kumkanyagia makao yake. Hata leo waongozao wageni na kuwabebea mizigo katika mlima huo ni Bakonzo hasa. Kijana anayetaka kwenda na ajue kwamba hatari yake si yake peke yake. Akikaidi kushuka wakati kiongozi amemwambia ashuke, amewaweka na wengine katika kaidi yake, na wao pia wana mama.

KWA MAMA ALIYETUANDIKIA

Sasa tukujibu, mama. Usimwite mwanao mwenda wazimu, na usimkataze kwa hasira, kwani mtu mzima akikatazwa kwa hasira huenda kwa siri, na safari ya siri ndiyo mbaya kupita zote. Keti naye jioni moja, mzungumze juu ya mambo haya manne.

La kwanza ni ruhusa. Askari aliye likizoni bado ni askari. Wakubwa wake wajue aendako na siku ya kurudi, na nyumbani pia pajulikane.

La pili ni mabati. Hapa sisi tuko upande wako. Barafu ya Rwenzori inapungua mwaka hata mwaka kwa ajili ya joto la dunia, lakini mlima hauhami. Wanaotegemea kulala chini ya paa lile wana haki kabla ya kilele. Aezeke kwanza, au mpatane kiasi gani kiende wapi, kisha neno hilo lifungwe lisirudiwe kila siku. Mpe pia sauti katika nyumba hiyo: aichague rangi, asimamie mafundi, aamue mlango uelekee wapi. Huenda ukaona kwamba sehemu ya alichokuwa akikitafuta mlimani kilikuwa hapo uani.

La tatu ni matayarisho. Margherita ina mita 5,109, ni ya tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Katika urefu huo hewa aivutayo mtu humpa kiasi cha nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Nguvu za kijana hazimkingi. Tena kijana mwenye nguvu hukimbia, na akimbiaye ndiye augonjwaye upesi. Akipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni onyo: asipande tena mpaka yaishe. Akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata ameketi, maana yake ubongo unavimba au maji yameingia mapafuni. Dawa ya kwanza ni moja: ashushwe mara hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Twajua kwamba askari hufundishwa kuvumilia maumivu bila kusema. Mlimani, kunyamaza kwa namna hiyo kumewaua wengi.

La nne ndilo kubwa. Mwulize atageuka wakati gani. Jibu hilo alitoe akiwa nyumbani, ameshiba, akili imetulia, wala si akiwa juu, kilele kikimwita. Aseme: ikifika saa fulani sijafika, nageuka, kiongozi akisema basi, nageuka, mwenzangu akiugua, twageuka wote. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na wengi huitumia methali hiyo kumcheka aliyeanguka cheo. Sisi twamwomba kijana aisikie kwa maana yake ya wazi kabisa: kushuka ni nusu ya kupanda, na asiyejipangia kushuka hajamaliza kujipanga.

Na umsikilize vizuri anapokujibu, kwa maana hapo utajua kama ni mlima autakao au ni kitu kingine. Mtu atakaye mlima huzungumza habari ya kurudi: nitakuletea picha, nitakusimulia, nikirudi tutaendelea na nyumba. Lakini ukisikia asema kwamba kurudi au kutorudi ni mamoja kwake. Ukiona kwamba halali usiku, ashtuka kwa kishindo kidogo, awakimbia watoto, au agawa vitu vyake, basi, mama, hilo si jambo la mlima tena. Hayo ni majeraha ya vita yasiyotoka damu. Usingoje likizo ifike. Mpeleke kwa daktari wa kikosi, na umwombe padre au shehe wenu akae naye. Hakuna aibu katika hilo, kama vile hakuna aibu kwa aliyepigwa risasi kupelekwa hospitali.

Benuzzi na wenzake walipovuka seng'enge walikuwa na nia ya kurudi tangu mwanzo. Tofauti kati ya ushujaa na kujitupa twaiona hapo. Methali ya wahenga yatupa nyumba mbili, ya kicheko na ya kilio. Twaamini kwamba yaweza kupatikana nyumba ya tatu kati ya hizo, ya mtu aliyekwenda, akapima, akageuka ilipobidi, akarudi kwa watu wake.

Basi, mama, kama mmekwisha kuelewana katika hayo yote, na paa limekwisha kuezekwa, tundika kalenda ukutani, umpe kijana kalamu. Siku ya kuondoka uiandike wewe. Siku ya kurudi aiandike yeye, kwa mkono wake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.